Benchi la Uji Kurasini

Mie hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mtu akinichokoza asubuhi, mpaka adhuhuri utanikuta nasema peke yangu. Mwaka ule wa 1954 nusura hasira hizo zinitoe nyumbani, mie na mwanangu Somoe. Na aliyenichokoza ni Tabu binti Mfaume, Mungu anamwona.

Nilikuwa mjane, nimepanga vyumba viwili Keko katika nyumba ya Mzee Shomari, mwenyewe akikaa ya jirani. Kila asubuhi nilikuwa nauza uji na vitumbua Kurasini, mbele ya lango la Kampuni ya Nyota Tatu, kampuni ya malori iliyokuwa ikichukua mizigo bandarini kuipeleka bara. Shoga yangu Sesilia, mtu wa Ndanda, ndiye aliyekuwa akinisaidia kukaanga. Mumewe Leonardi, seremala, alinitengenezea benchi refu la mninga ili madereva wapate pa kukaa.

Basi siku moja Mzee Shomari akaniita barazani. "Hamisa, nyumba naiuza. Umekaa kwangu miaka tisa, nakupa wewe kwanza. Shilingi elfu moja, mpaka Idi Kubwa. Baada ya hapo nampa mwingine."

"Toba! Mzee, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nataka kununua hisa."

Hisa! Mji mzima ulikuwa na neno hilo mdomoni. Nyota Tatu ilikuwa imeanza kuuza vipande vya kampuni, kila hisa shilingi ishirini. Unapewa cheti chenye mhuri. Kampuni ikipata faida, nawe unapata fungu lako, na ukichoka nayo unamuuzia mwenzako kwa bei mtakayopatana. Ofisini kwao palikuwa na ubao, na kila Alhamisi karani wao, Bwana Romani, aliandika kwa chaki bei ya wiki ile. Ilikuwa ishirini, ikawa ishirini na sita, ikawa thelathini na tatu. Watu walikuwa wanakwenda kuutazama ubao ule kama wanaotafuta mwezi wa Idi.

Mie nilikuwa na mia sita kwenye debe la mchele, jasho la miaka. Zilipungua mia nne, na Idi Kubwa ilikuwa wiki sita mbele. Nitazitoa wapi?

Hapo ndipo Tabu alipoingia. Wanawake wa mjini tulikuwa na vyama vyetu vya ngoma ya lelemama, na chama bila mpinzani hakina raha. Mie kiongozi wa Nuru, Tabu kiongozi wa Safina. Wao wakishona sare ya hariri, sie twashona ya hariri yenye tarizi. Wao wakichinja mbuzi wawili, sie twachinja ng'ombe hata kama tutakula mihogo mwezi mzima. Jumapili moja, Temeke, Safina wakatoka uwanjani na vyeti vya hisa wamevibandika vifuani kwa pini! Wanajitingisha, mihuri inawaka, na Tabu mbele anaimba huku ananitazama mie machoni: "Mwenye lori kapita, mwenye miguu kala vumbi!"

Weee! Damu ilinichemka mpaka masikioni. Kesho yake nikawakusanya wanawake wa Nuru. "Wao wamenunua hamsini, sie tutanunua mia!" Vigelegele vikapaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kampuni ile ina nini. Tulikuwa tunanunua hisa kama tunavyonunua sare, ilimradi ziwe nyingi kuliko za wale. Nikatangaza mie mwenyewe nitaweka mia sita zangu zote. Moyoni nilikuwa nimeshapiga hesabu: mwezi mmoja tu zitakuwa elfu, nyumba yangu, na Tabu hana pa kuficha uso.

Jumatano, siku moja kabla ya kununua, nilikuwa pale langoni namhadithia Sesilia huku nachota uji. Naye yumo tu anageuza vitumbua mpaka nikamaliza.

"Mama Somoe," akasema, "sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne. Kwa nini?"

"Hawa madereva mbona wamekaa?"

Nikageuka. Benchi lilikuwa limejaa kutoka ncha hadi ncha. Wawili wanacheza bao, wengine wanawachekea, mmoja kalala kabisa na kofia usoni.

"Wamezoea benchi," nikasema. "Wanaupenda uji wangu."

"Uji ni ule ule. Zamani walikuwa wanakunywa wamesimama, injini inanguruma, wanajiunguza ndimi. Leonardi alipoleta benchi hili wiki nzima halikukaliwa, ukanung'unika kwamba umepoteza pesa. Umesahau?"

Sikusahau. Nikamwita Albano, dereva wa Lindi, kijana mpole. "Albano, lori lako liko wapi?"

"Liko ndani, mama, juu ya magogo. Halina magurudumu tangu Pasaka."

"Na ya wenzako?"

Akahesabu kwa vidole. Malori kumi na mawili. Sita juu ya magogo. Mawili yanaazimana magurudumu, likitoka hili, lile linalala. Manne ndiyo yanayotembea, nayo yanaishia Pugu, maana masika yalikuwa yamechukua daraja la njia ya bara, na wenye mizigo wote walikuwa wamehamia kwenye reli.

Jamani, nilikaa chini. Miezi miwili nilikuwa namshukuru Mungu kwa biashara nzuri! Anayekunywa amesimama hula kitumbua kimoja, aliyekaa hula vitatu. Nilikuwa nashiba kwa balaa la kampuni ile ile niliyotaka kuipa mia sita zangu, na kila siku lilikuwa mbele ya macho yangu, nimelichotea uji kwa mkono wangu. Hasira ikamwacha Tabu, ikanigeukia mwenyewe.

Hata hivyo Alhamisi nilikwenda ofisini. Nilitaka nisikie kwa wenyewe. Foleni ilikuwa imetoka nje, ubao unasema arobaini na moja. Zamu yangu ilipofika nikamwuliza Bwana Romani, "Malori mangapi yanatembea?"

"Mama, tazama ubao. Bei inapanda."

"Ubao nimeuona. Nauliza malori."

"Watu wote wananunua, mama."

"Nawaona, wamenikanyaga miguu. Nauliza malori."

Bwana Romani akaitazama chupa yake ya wino. Sauti ikatoka nyuma yangu, sauti ninayoijua: "Shoga, kama huna kitu pisha njia. Wenye nazo wana haraka."

Foleni nzima ikacheka. Mkono wangu ukaingia kifuani, ukalishika bunda la mia sita zangu. Nawaambieni ukweli, nilikaribia kulipigiza juu ya meza ile ili tu Tabu anyamaze. Kilichonizuia ni Somoe. Pesa ile ilikuwa na kazi yake na siku yake, Idi Kubwa. Haikuwa pesa ya kukaa inangoja daraja lijengwe na magurudumu yapatikane. Nikautoa mkono mtupu, nikatoka.

Wanawake wa Nuru niliwaeleza niliyoyaona. Watatu wakanisikia, waliobaki wakasema Hamisa kaogopa, wakaenda kununua. Alhamisi iliyofuata bei ikawa arobaini na nane. Roho iliniuma, sisemi uongo. Mia sita zangu zingekuwa zimeshazaa karibu mia. Na watoto wa mtaa mzima walikuwa wanauimba wimbo wa Tabu nikipita na sufuria langu kichwani.

Zilibaki wiki mbili. Mzee Shomari akaniambia amepata mtu wa elfu moja taslimu, anangoja tu Idi ipite. Nikamfuata barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umezipata?"

"Bado. Lakini nina ombi. Kesho njoo Kurasini unywe uji wangu. Bure."

Kwa neno bure, Mzee Shomari angekwenda hata Morogoro kwa miguu. Alifika mapema, kanzu imepigwa pasi. Nikamkalisha benchini katikati ya madereva, sikumwambia kitu. Alipoliona bao, basi, akakunja mikono ya kanzu. Akamfunga Albano mara ya kwanza, akamfunga ya pili, akamfunga na mwenzake. Watazamaji wakaongezeka mpaka wanasimama nyuma ya benchi. Jua likawa utosini, adhana ya adhuhuri ikasikika, ndipo mzee akainua kichwa.

"Lakini nyie vijana," akasema, "tangu asubuhi nawafunga. Hamna kazi?"

Wakacheka kicheko cha watu wenye haya. Albano akamweleza yote, magogo, magurudumu ya kuazimana, daraja. Mzee akainuka, akaenda mwenyewe mpaka langoni, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Aliporudi ndevu zilikuwa zinamtetemeka.

"Ala! Yaani mie niuze nyumba yenye paa, ninunue gari lisilo na gurudumu?"

Nilimwongezea uji.

Siku ile ile jioni, kwa kuwa hakuwa tena na haraka ya pesa za hisa na ahadi alishanipa mie kwanza, alizipokea mia sita zangu mbele ya Leonardi na imamu wetu. Zilizobaki tukaandikiana shilingi arobaini kila mwezi kwa miezi kumi. Nililia mbele za watu, na Sesilia akanisaidia kulia.

Baada ya Idi kampuni ikatoa tangazo: mwaka huu hakuna faida ya kugawa. Watu waliokuwa wakikanyagana kununua sasa wakakanyagana kuuza. Ubao ukasema thelathini. Halafu kumi na tisa. Mwezi wa tisa ukasema kumi na moja.

Asubuhi moja Tabu akaja pale langoni, kajitanda kanga mpaka kwenye pua, vyeti vimefungwa kwenye leso. Akakaa benchini peke yake. "Hamisa, ninunulie. Nipe hata kumi kumi."

Siku hiyo nilikuwa nimeingojea. Nilicheka kidogo, nisiseme uongo. Lakini kabla sijafungua mdomo kumchamba, Albano akatokea mbio. "Mama Somoe, uji, haraka! La, sikai, nipe hapa hapa!" Akaunywa, akajiunguza, akaruka kwenye lori. Nyuma yake akaja mwingine, naye amesimama. Injini zilikuwa zinanguruma ndani ya lango, na hapo ndipo nilipoona kwamba Tabu alikuwa peke yake kwenye benchi lote.

"Daraja limekwisha kujengwa?" nikamwuliza dereva wa tatu.

"Tangu juzi, mama. Mizigo imerudi, imejaa mpaka mlangoni, na magurudumu mapya yamefika."

Nikamgeukia Tabu. "Pesa uliyonunulia ilikuwa ya nini?"

"Ya sare."

"Mwaka huu unaihitaji?"

"Nani atacheza ngoma mwaka huu na aibu hii?"

"Basi usiuze. Ulinunua kwa ajili ya wimbo, sasa unauza kwa ajili ya woga. Njoo ukae hapa wiki nzima, uhesabu malori yanayotoka. Ukiona hayatoki, kauze."

Alininunia, lakini alikuja. Siku ya kwanza akahesabu saba, ya nne akahesabu kumi, vyeti akavirudisha nyumbani. Wiki ilipokwisha, mie nilinunua hisa kumi kwa shilingi kumi na moja kila moja, kidogo kidogo, kwa pesa iliyobaki baada ya nyumba na chakula. Zikipotea, Somoe atalala pale pale. Bwana Romani alinishangaa: "Mama, kila mtu anauza!"

"Nimewaona," nikamjibu.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata nilimpelekea Mzee Shomari arobaini za mwisho, naye akanipa hati ya nyumba na kunidai uji wa bure. Kesho yake asubuhi Tabu akanifuata langoni, anahema, uso unang'aa.

"Shoga! Ubao umesema ngapi leo?"

"Sijautazama."

"Hujautazama! Utajuaje basi?"

Nikamwonyesha benchi la Leonardi. Lilikuwa tupu, limeshika vumbi. Tabu akalifuta kwa upindo wa kanga, tukakaa wawili tukila vitumbua. Lango likafunguka, malori matatu yakatoka kwa kishindo, Albano mbele anapiga honi. Tabu akaanza kuimba polepole, "Mwenye lori kapita..." na kabla hajamaliza, vumbi likatufunika sote, uji, vitumbua, kanga mpya na kila kitu. Sikukasirika hata kidogo.