Kupeleleza Ukoo wa Torleif

Bi Azza alikuwa haijui theluji ila ile inayoganda ndani ya friji, na hiyo akiikwangua kwa kisu huku akiilaani. Basi nani angeamini kwamba mwanzo wa mwaka themanini na tano, hapa hapa Ibra, ndani ya Oman, angekaa mbele ya televisheni akibishana juu ya theluji mpaka sauti ikamkauka? Lakini mtoto ni mtoto. Mtoto atakupeleka usikokujua.

Yalianza kwa simu. Mwanawe wa pekee, Nadhir, alikuwa Norway akisomea uhandisi, na siku ile sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliyevunja sahani ya wageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kuoa. Anaitwa Sigrun, wa huku huku. Ameshasilimu, na anasali kunishinda mie. Ukiniridhia, baridi ikimalizika nakuja naye nyumbani tuishi. Usiponiridhia, mama, sijui nitarudi vipi."

Bi Azza alikaa chini. Mjane yule alimlea mtoto huyo kwa mikono yake miwili, na sasa akaona wazi: akikataa, amempoteza, akikubali mke mbaya, amempoteza vile vile. Likamtoka swali moja tu, lile wanalouliza wote.

"Ukoo gani?"

Maana kwetu posa haijibiwi hivi hivi. Hupelelezwa kwanza. Msichana angekuwa wa Nizwa, Bi Azza angempeleka mtu akanywe kahawa kwa jirani yao, na kabla ya Laasiri angekwishajua bibi wa msichana aligombana na nani, na kwa nini. Lakini Norway! Nani amnywee kahawa huko?

"Kaka yake mnaweza kumuona," alisema Nadhir. "Anaitwa Torleif. Anashindana kwenye televisheni. Nitakuleteeni kaseti."

Kaseti zikaja, na Soud ndiye aliyekuwa akizichukua Maskati kila akienda kazini. Huyu Soud ni mtoto wa Bi Kaltham, wifi yake Bi Azza, na Bi Kaltham hakubali kitu chochote kipelelezwe bila ya yeye kuwepo. Alikuja na chupa yake ya kahawa, akajichagulia mto mzuri kuliko yote.

"Haya, tueleze," alimwambia mwanawe. "Hawa wana nini?"

Soud akaeleza. Siku ya kwanza wanateremka kilimani na mbao ndefu miguuni, wanaruka, na anayetua mbali ndiye bora. Siku ya pili wanakimbia na mbao zile zile, kilomita kumi na tano za theluji. Aliyeruka vizuri kuliko wote anaanza mbele peke yake, wengine wanamfukuza mmoja mmoja. Anayefika mwanzo ndiye mshindi.

"Lahaula!" alisema Bi Kaltham. "Wazazi wao wanajua?"

Torleif akaruka. Mrefu, mwembamba, kajilaza juu ya upepo, akenda, akenda, mpaka Bi Azza akashika kifua. Akatua mbali kuliko wote. Mabibi wakapiga vigelegele, kahawa ikamwagika kwenye zulia. Ikaja siku ya pili, Torleif akaanza mbele, na hapo pumzi ikamwishia. Akapitwa na wa pili, akapitwa na wa tatu, akapitwa na mmoja mwenye ndevu ambaye kwa umri angekuwa baba yake.

"Kutangulia si kufika," alisema Bi Kaltham. "Ukoo wa mbwembwe huo. Msichana ataanza vizuri, mwaka wa kwanza atakupikia, wa pili atachoka na jua la Ibra, atamwacha mwanao njiani."

Neno lile lilimchoma Bi Azza, maana ndilo aliloliogopa.

Kaseti ya Finland, Torleif kaongoza kuruka, kapitwa. Ya Ujerumani, kaongoza, kapitwa, na kote huko, kwenye mstari wa mwisho, kofia moja nyekundu inamngoja. Na Bi Azza, bila ya kujijua, akaanza kumtetea.

"Upepo umempiga ubavuni!"

"Nta waliyopaka chini ya mbao si ya theluji ya leo!"

"Toba, wifi!" Bi Kaltham akacheka. "Tangu lini wewe fundi wa mbio? Au unamkumbuka yule mbuzi wako?"

"Nyamaza!"

Maana Idd kubwa iliyopita, mbuzi aliyenunuliwa Sinaw alikata kamba akaruka mfereji wa falaji. Bi Azza alijifunga kanga kibwebwe, akauruka mfereji naye, akamfukuza baina ya mitende mpaka akamdaka mguu. Soud, badala ya kusaidia, alisimama na kamera yake mpya ya video. Bi Azza aliapa kuichoma kaseti ile, na Soud akaapa kwamba imepotea.

Ikafika kaseti ya mwisho wa msimu. Mashindano yalikuwa kwao hasa akina Torleif, mji mzima umetoka.

"Leo namaliza," alisema Bi Azza. "Akishinda, namridhia dada yake. Akishindwa, basi tena."

Torleif akaruka, akaongoza. Siku ya pili akaanza mbele, na ajabu, safari hii hapitwi! Kilima cha kwanza, yeye. Kilima cha pili, yeye. Bi Azza kasimama, Bi Kaltham kasimama, wote wanampigia kelele mtu asiyejua hata Ibra iko wapi. Mara kwenye mteremko ubao mmoja ukavunjika, Torleif akabiringika. Wote wakampita.

"Khalas," alisema Bi Kaltham polepole. "Soud, zima."

"Acha!"

Mshindi alivishwa maua, wapiga picha wakamzunguka, watu wakaanza kwenda zao. Nyuma kabisa ya maua, mtu mmoja akatokea anachechemea, na fimbo moja tu ya kujisukumia. Hakuna aliyemtazama. Ila kwenye mstari alisimama msichana wa kofia nyekundu, anarukaruka na kupiga kelele kwa furaha, utafikiri kaka yake ameshinda. Nyuma yake Nadhir, amemshikia koti.

Bi Azza akaangua kilio.

"Msimu mzima kaka yake anashindwa," alisema, "na kila kaseti kofia ile naiona pale pale. Hajaondoka hata siku moja kabla kaka hajafika. Mie sitaki ukoo wa kushinda. Nataka atakayemngoja mwanangu siku akichelewa."

Bi Kaltham alijipangusa macho, akamwambia Soud apige simu.

"Nadhir," alisema Bi Azza, "nimekuridhieni nyote wawili. Njooni nyumbani."

Nadhir akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Na mama yake Sigrun naye alikubali jana."

"Alikubali nini?"

"Mama, na yeye alikuwa akipeleleza. Alisema hampeleki binti yake jangwani kwa watu asiowajua. Nikamwonyesha kaseti aliyoniletea Soud."

Bi Azza akageuka. Soud alikuwa mlangoni, anatafuta kiatu cha pili.

"Ile ya mbuzi?"

"Wameitazama ukoo mzima. Torleif akairudisha nyuma mara tatu. Mama yake akasema, 'Mie nina mtoto anayeruka lakini hawezi kukimbia. Mama huyu ameruka, amekimbia, na amemkamata mbuzi. Binti yangu na aende.'"

Bi Kaltham, aliyekuwa ametega sikio, akajitupa kwenye mto kwa kicheko. "Muosha huoshwa, wifi!"

Bi Azza aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akajitanda kanga vizuri, kana kwamba Norway yote inamtazama tena.

"Mwambie Torleif," alisema mwishowe, "mfereji ule ni mpana kuliko unavyoonekana kwenye televisheni."