Kiku Jeupe Dawatini

...kwa sababu huenda ni la somo, ndiyo, bila shaka ni la somo, si yeye mwenyewe Mwalimu Orikasa aliyewaambia Alhamisi kila mmoja alete kitu kimoja cha jadi ambacho watu wanakifanya hata leo, na hilo ua moja jeupe la kiku ndani ya chupa, juu ya dawati la Nagomi, katikati kabisa, limewekwa kwa uangalifu... la somo hilo, basi, na darasa zima limeshasimama, wanafunzi thelathini na mmoja, mikono ubavuni, wanangoja atikise kichwa ili Kengo, kiranja, atoe amri, wainame, naye awainamie, wakae, kipindi kianze, Utamaduni wa Kale na wa Leo, kama kila Jumatatu na Alhamisi, kutikisa kichwa tu, mtu mzima anashindwa na nini, na Nagomi naye amesimama nyuma ya ua lake, limemfikia kifuani, halitazami, hamtazami mtu, na huko nyuma kuna aliyecheka puani akajizuia, usijitie hamnazo, mama wewe, umesikia, umesikia vizuri sana.

Alhamisi alikuwa amechangamka, hapo ndipo alipoharibu, alikuwa amewapangia maua mezani akawaonyesha jinsi ya kukata shina ndani ya maji, akasema tawi hili la msonobari ni la mwaka mpya, na kiku jeupe hili tunawapelekea marehemu, na Kengo huyu huyu akanyoosha mkono, na adabu zake zote, "Mwalimu, eti mwanafunzi akifa anawekewa ua juu ya dawati lake?" naye, mjinga, mjinga mkubwa, akafurahi kwamba angalau mtoto ameuliza swali, akajibu ni kweli, ua hukaa pale mpaka muhula uishe, maji hubadilishwa kila asubuhi, akaona vichwa vimeinama wanaandika, akajisifu moyoni, leo wamenisikiliza... wamesikiliza kweli, wamesikiliza mpaka basi. "Mwalimu, tunangoja," Kengo anasema, na yeye, "Kengo, hilo ua," sauti imetoka nyembamba, si yake, "hilo ua ni la nini?" "Kazi ya nyumbani, Mwalimu. Wewe si ulisema utamaduni ni wa kutenda, sio kukariri tu?" na Ruiko wa dirishani hakungoja aulizwe, "Tumempa Nagomi, Mwalimu, maana huyu hata akiwepo ni kama hayupo, hatuoni tofauti," na kicheko kikapita chini chini, safu hadi safu, na Nagomi, bila kugeuka, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua watu, "Haidhuru, Mwalimu."

Haidhuru. Jiko la mafuta linaunguruma pale pembeni, limepasha chumba joto, na bado vidole vyake vina baridi, haidhuru, usiseme neno hilo, mwanangu, lolote lakini si hilo, Yasunori, mwanafunzi wake, alisema hilo hilo, miaka kumi na mmoja iliyopita, kule shule ya bondeni, Ijumaa, kipindi cha mwisho, chupa kama hii na ua kama hili, naye alitabasamu kabisa, kijana wa watu, alimtabasamia yeye, na yeye akatikisa kichwa, wakainama, akainama, akafundisha majina ya theluji, ya kwanza ya msimu, ya unga, ya majimaji, Yasunori hata alijibu swali moja akalipata, nitaongea naye pembeni, alijiambia, Jumatatu, nikimwita peke yake haoni aibu... na Jumatatu ua la pili liliwekwa kwa amri ya mkuu wa shule mwenyewe, na wote walivaa nyeusi, na maji akayabadilisha yeye, kila asubuhi mpaka Machi, kwa sababu hapakuwa na mtoto aliyetaka kulisogelea dawati lile. Na mkutanoni naibu mkuu aliyasema kwa maneno laini, tusiikuze habari, tuwafikirie waliobaki, funika kombe mwanaharamu apite, basi, akawauliza mmoja mmoja, "Mwalimu Orikasa, uliona dalili yoyote?" "Sikuona." Na mama yake Yasunori alikuja na boksi la keki za maharage, limefungwa vizuri kwa kitambaa, kuwashukuru walimu kwa kumlea mwanawe, aliwashukuru, Mungu wangu, akauliza kwa heshima, "Darasani hakuwa na shida, Mwalimu?" "Hakuwa na shida, mama," na wakainamiana pale mlangoni, kila mmoja akienda chini kuliko mwenzake, na boksi lile lilikaa kabatini hadi likaota ukungu.

Ni hatua sita hadi pale kwenye ua la Nagomi. Kuliondoa ni kutamka mbele ya wote kwamba si kazi ya nyumbani, na mama yake Kengo ndiye mwenyekiti wa wazazi, na naibu mkuu wa hapa naye ana maneno yake laini, na imebaki miezi minne astaafu kwa amani, anaweza kungoja mapumziko, anaweza kumwita Nagomi pembeni... pembeni, tena pembeni, na shingo imeshaanza kushuka yenyewe, mazoea ya miaka thelathini na minne, kidevu kimeshuka kidogo, na Kengo amekiona, amevuta pumzi atoe amri, na yeye anaishikilia shingo yake, anaikatalia, kidevu kimesimama hapo hapo hakipandi wala hakishuki, maana akiinama sasa haliinamii darasa, anauinamia msiba, tena yeye ndiye anayeuongoza. "Mwalimu?" Kengo ameanza kuudhika. Miaka kumi na mmoja amejiambia kwamba siku ile alidhani ni mchezo wa watoto, amewaambia wakubwa zake, amemwambia mumewe, amejiambia bafuni, sikujua, ningejua ningefanya kitu, na hakuna aliyempinga hata siku moja. Uongo. Alijua, harufu ya lile ua ilimpiga puani tangu mlangoni akajua, aliutazama uso wa yule mtoto akajua, na akainama. Na Nagomi sasa ameinua macho, anamtazama yeye peke yake, anangoja aone.