Mguu wa Kaliopi

Anayekwambia kuishi kwenye boti ni starehe, mwulize amekaa humo mwezi gani. Julai hata mimi ningekaa. Desemba ni habari nyingine: madirisha yanatoka jasho, godoro halikauki, na upepo wa kusini ukiingia bandari ya Laki, sufuria zinagongana kabatini mpaka kunakucha.

Kaliopi aliyajua hayo yote kabla juma la kwanza halijaisha. Alikuwa mjane wa milimani, wa Metsovo kwenye theluji na kondoo, hajawahi kulala juu ya kitu kinachotikisika. Stratis alikutana naye kiangazi kwenye harusi ya mpwa wake, hapo hapo Leros, kisiwa chenye bandari hiyo. Mwanamume huyo, mpishi mstaafu wa meli za abiria, aliishi peke yake kwenye boti yake ya matanga. Kiangazi akizunguka visiwa, baridi ikianza akifunga kamba Laki. Alimwomba waoane. Kaliopi akasema hawezi kumjibu mtu ambaye hata mkoromo wake haujui. Wakapatana akae naye botini sikukuu zote za majira ya baridi, na siku ya Epifania, Januari sita, padri akishabariki maji ya bahari, aseme ndiyo, au apande meli arudi kwao.

"Na ukirudi?" Stratis aliuliza.

"Nikirudi nimerudi. Tusisumbuane."

Mwenyewe alidhani kitakachomshinda ni choo. Choo cha boti hupigwa pampu kwa mkono, na mara ya kwanza aliisukuma kwa nguvu mpaka Kapteni Manthos, jirani wa boti ya pili, akapaza sauti: "Shemeji, taratibu, utatukaushia bandari!" Kaliopi alicheka mpaka akakaa chini. Akazoea. Akazoea kuinamisha kichwa, kuvua viatu gatini, kukanda unga wa biskuti za Krismasi huku bakuli amelibana kwa magoti. Alfajiri Stratis alikuwa akimfuta matone yaliyomdondokea kwenye nywele kutoka darini, polepole, akidhani amelala. Wapi! Alikuwa amefumba macho tu ili asiache. Mama wa miaka sitini, jamani, na moyo unamwenda mbio kama kigoli.

Basi jibu alikuwa nalo tayari. Tatizo lilikuwa Mwaka Mpya.

Siku hiyo watu wa huko, visiwani na milimani, hawaingii nyumbani ovyo. Wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye anayeuleta mwaka, wa heri au wa shari, na sharti atangulize mguu wa kulia. Kaliopi alipokuwa bibi harusi, mama mkwe alimvusha yeye wa kwanza. Kabla mwaka haujaisha mumewe alianguka kutoka paani, akafa. Mama mkwe hakulia sana; kazi yake ilikuwa kusema. Alisema kanisani, alisema kisimani, kwamba mguu wa mwanamke huyu una nuksi. Tangu hapo kila Mwaka Mpya Kaliopi alisubiri nje mpaka mwingine aingie, hata kwa dada zake wa damu. Kumwacha Stratis alikuwa hataki. Kumzika ndiko hakutaka kabisa.

Asubuhi hiyo walirudi kutoka kanisani, Manthos yuko kwenye boti yake na kikombe cha kahawa. Stratis alivua viatu, akasimama kando ya ubao wa kupandia, akampa komamanga, tunda la kupasuliwa mlangoni kwa baraka.

"Tangulia. Mwaka huu unauleta wewe."

"Tafuta mtoto wa watu."

"Mtoto wa nini? Nakutaka wewe."

"Mimi sifai."

"Shemeji anaringa," Manthos alichombeza.

"Manthos, kunywa kahawa yako," akasema Stratis, maana alikuwa ameuona uso wa Kaliopi.

Akamwambia yote pale pale gatini, upepo ukimpeperushia kitambaa cha kichwani: paa, kifo, maneno ya mama mkwe. "Sitaki ufe, Stratis. Ndiyo maana nitaondoka. Si baridi, si choo. Nakupenda, basi, na hiyo ndiyo shida yenyewe."

Stratis alimfunga kitambaa vizuri chini ya kidevu.

"Kila mwaka Manthos ananiazima mjukuu wake," akasema. "Yule mtoto ana mguu wa baraka, bandari nzima inamgombania. Anaingia, anapasua komamanga, anapewa zawadi, anarudi kwao. Mimi nakata keki ya Mwaka Mpya: kipande cha Kristo, cha boti, cha maskini, na changu. Nakula nikitazama ukuta. Hiyo ndiyo heri niliyokuwa naletewa. Naomba uniletee yako."

Kaliopi alilia, akajipangusa kwa kiganja, akavua viatu. Akapanda ubao, mguu wa kulia ukiwa tayari. Loo, bahari haina adabu. Wimbi likaja, boti ikajivuta nyuma, naye ili asitumbukie akaruka. Alipotua sitahani, mguu uliotangulia ulikuwa wa kushoto.

Wote waliona. Kikombe cha Manthos kilibaki hewani.

"Nilikwambia," Kaliopi alinong'ona.

Stratis hakumwambia arudi aanze upya. Alipanda ubao, yeye anayeweza kuupanda akiwa usingizini, akafika ukingoni, akainua mguu wa kulia. Akaurudisha. Akauinua wa kushoto, akautua kando ya wa Kaliopi.

"Haya," akasema. "Kama ni nuksi, tutagawana."

Kaliopi aliitazama miguu yao kwa muda mrefu. Soksi ya Stratis ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia.

"Vua hiyo soksi niishone," akasema. "Epifania tunakwenda kumwambia padri atufungishe ndoa, na wewe kidole kiko nje."