Sentimita Tisa za Alhamisi

"Mathe, hizi sentimita tisa umezitoa wapi?"

Wariara alikuwa amesimama majini, gambuti zikivuja, mkono kwenye ubao wa vipimo mbele ya iliyokuwa nyumba yake hapa Kihoto. Miaka kumi na tisa, kila asubuhi saa kumi na mbili, amelisoma Ziwa Naivasha na kuandika. Lenyewe halikumwonea haya: lilifurika likamfukuza na wanawe, na bado kila kukicha alirudi kulipima. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa.

Khaemba, kijana wa utafiti, alimwonyesha kompyuta yake. Alhamisi setilaiti ilipita ikapima uso wa ziwa, hata mahali maji yanapoinuka kidogo tu. "Ofisini wamelinganisha na katikati ya ziwa, namba yako imezidi kwa hizo tisa. Wanasema unabuni. Wanataka kutupa madaftari yako yote."

Yote! Wariara aliikumbuka Alhamisi, na aibu ikamshika.

"Nilienda mazishi Kuresoi," alisema. "Nikasoma nikirudi, saa kumi jioni, upepo ukivuma vibaya. Lakini nikaandika saa kumi na mbili asubuhi, vile huwa. Fomu haina mahali pa saa nyingine. Saa nilidanganya, Khaemba. Maji sikudanganya."

Khaemba aliikuza picha. Katikati ya ziwa maji yalikuwa chini. Ufuoni mwa Kihoto yalikuwa yamepanda, sentimita tisa.

"Ai! Setilaiti ilipita hiyo saa kumi," alisema. "Upepo uliyasukuma huku."

"Si kila mtu hapa anajua? Tulikuwa tunainua magodoro kila alasiri, upepo ukianza. Mngeuliza tu."

Khaemba alikuna kichwa. "Hii inaweza kuokoa madaftari. Lakini lazima niandike kwamba saa ilikuwa ya uongo. Wanaweza kukufuta kazi, mathe."

Hasira ilimjia Wariara, ikapita, akabaki na uchovu wake.

"Andika. Njia ya mwongo ni fupi."

Kijana alipoondoka, upepo ulikuwa umeanza. Maji yalipanda mstari mmoja ubaoni, kisha wa pili. Wariara hakuenda nyumbani. Alitoa kalamu, akasoma, na pembeni mwa fomu, pasipo na nafasi ya kitu, akaandika: saa nane u nusu, upepo. Nyuma yake mlango wa nyumba yake ya zamani uligonga ukutani, maji yakiingia.