Mdomo Uliopinda

Tangu maradhi yampige usoni, mdomo wa fundi lipu ulivutika juu upande mmoja ukabaki hivyo hivyo. Asiyemjua angedhani anatabasamu. Kazini walimwita Bwana Harusi, naye hakuudhika, maana aliyembandika jina hilo ni rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Asubuhi moja, wakiwa wawili juu ya jukwaa la ujenzi, ubao ulikatika, rafiki akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Hakuomba hata maji.

Nyapara, aliyeambiwa mara ngapi sijui kwamba ubao umeoza, alisema, "Nenda wewe kwa mama yake. Wewe ndiye mtu wake."

Mama alikuwa anaanika nguo uani. Hawakuwahi kuonana.

"Shikamoo, mama. Nafanya kazi na mwanao."

"Marahaba, baba! Karibu! Uso huo umebeba habari njema. Wamempandisha cheo, siyo?" Akapaza sauti kwa jirani, "Shoga, njoo usikie!"

Kila fundi alipokaza uso kuzuia machozi, mdomo ulizidi kupanda.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikae nini? Nipe raha yangu nimesimama!"

"Ameanguka, mama. Hatunaye tena."

Shati bichi lilimponyoka. Alimtazama fundi usoni, akatazama tena. "Na unacheka? Umetoka huko kote kuja kunicheka?"

Jirani ndiye aliyemsukuma nje.

Mazishini fundi alijifunga kitambaa mdomoni. Watu wakanong'ona kwamba anajificha. Nyapara yeye aliinamisha kichwa, akajipangusa macho makavu kwa leso, akamshika mama mkono asiyumbe. Huyo ndiye mwenye utu, walisema. Wafiwa walipomuuliza ilikuwaje, alishusha pumzi ndefu.

"Sipendi kumsema mtu. Ila walikuwa wawili kule juu, na mmoja kashuka kwa miguu yake."

Ikatosha. Polisi walimchukua fundi jioni ile ile.

"Ubao ulikuwa umeoza, afande. Tulisema."

"Futa kwanza hicho kicheko, ndipo tuongee."

Walipokwenda kuangalia, jukwaa lilikuwa limeshabomolewa na mbao zimekuwa kuni. Walimwachia kwa kukosa ushahidi, lakini kazi hakuna aliyempa tena.

Mkewe, aliyezoea kumsoma machoni, hakukubali yaishe vile. Alimshika mkono wakaenda hadi kwa mama wa marehemu, akaeleza yote akiwa mlangoni: maradhi, dawa zilizoshindikana, usiku ambao mumewe hulia huku mto ukilowa. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwanangu, unasema vizuri," alijibu. "Lakini mimi nilimwona kwa macho yangu haya."

Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Komeo likasikika likiingia.

"Twende, baba watoto," mke alisema. Fundi alibaki amesimama pale pale, mpaka akavutwa mkono.