Mfano wa Tasfida

Jumanne, kipindi cha pili, Mwalimu Milka aliita majina ya Kidato cha Nne Mashariki. Alipofika kwa Nyamoita, Nyamoita akaitika, "Present, madam." Alikuwa amezikwa kwao Ntimaru wiki tatu kabla ya siku hiyo. Milka akamwekea alama ya kuhudhuria, maana aliyekuja darasani huwekewa alama, akaendelea na majina mengine.

Wenzake walisogeza miguu apite hadi dawati lake la dirishani. Viatu vyake vilidondosha udongo mwekundu, na msichana wa zamu ya usafi akanung'unika kwamba ndiyo kwanza amalize kupiga deki. Huko barabarani malori ya kwenda mpakani Isebania yaliendelea kunguruma.

Saa ya chai mwalimu mkuu, Bwana Magige, alimwuliza Milka jambo moja tu.

"Alikuwa amesajiliwa mtihani wa taifa?"

"Amesajiliwa."

"Basi afanye. Bora asituangushie mean, wastani wa shule."

Hofu hiyo haikuwa na msingi. Kwa Kiingereza, somo la Milka, hapakuwa na wa kumfikia.

Nyamoita alikuwa ameugua wiki ya mitihani ya katikati ya muhula. Wiki hiyo nusu ya bweni huumwa na tumbo, na walimu wameshazoea kutoamini. Milka ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu. Mara tatu Nyamoita aliletwa kwake akiwa ameshikwa mabega, aombe karatasi ya ruhusa aende hospitali, na mara tatu Milka alimwambia akasome, tumbo litapoa mitihani ikiisha. Siku ya nne hakuletwa. Barua ya Bwana Magige kwa mama mtu ilisema Nyamoita amepumzika kwa amani baada ya kuugua kwa muda mfupi. Iliandikwa kwa Kiingereza, na Milka ndiye aliyeisahihisha.

Wiki moja baada ya Nyamoita kurudi, somo la Kiingereza lilifika kwenye tasfida, euphemism, yaani kulisema jambo zito kwa maneno laini. Milka aliomba mfano. Mkono wa Nyamoita ukawa wa kwanza.

"Madam, ile letter mama alipewa. Amepumzika kwa amani baada ya kuugua kwa muda mfupi."

"Vizuri sana," alisema Milka, akaiandika ubaoni.

"Na mtu akisema direct, bila tasfida, inakuwa aje?" aliuliza Nyamoita.

Darasa zima lilishika kalamu, likingoja. Jibu Milka alikuwa nalo, tena fupi: nilimnyima ruhusa, akafa. Lilikuwa limeshamfika mdomoni. Aibu ilimpanda hadi shingoni, ikakaa hapo kidogo, kisha ikafa ganzi. Akapangusa chaki vidoleni.

"Hiyo haiulizwi kwenye mtihani," alisema. "Andikeni mfano."

"Sawa, madam," alijibu Nyamoita, akaandika.

Mwezi wa saba swali la tasfida lilikuja kwenye mock, mtihani wa majaribio wa pamoja wa shule za Migori na Homa Bay. Wasichana wote wa Milka walijaza sentensi ya barua ile, na hakuna aliyekosa. Wastani wa Kiingereza ukapanda. Asubuhi ya gwaride Bwana Magige alimwita Milka mbele ya shule nzima apongezwe, naye akasimama pale, mikono ubavuni, akipigiwa makofi. Nyamoita, mstari wa mbele, alipiga kwa nguvu kuliko wote.