Mafundi wa Kifungo Kimoja

Kibao kilichoning'inia getini kiliandikwa kwa rangi nyekundu: USHONAJI BORA, NGUO ZA AINA ZOTE. Ulikuwa uongo mtupu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu aliyeweza kushona hata pindo la pazia. Walikuwamo kina mama waliokimbia vipigo majumbani mwao, watoto wao, na Shangazi, mwanamke wa makamo mwenye funguo kiunoni, aliyewekwa pale na kikundi cha kina mama ili awatunze. Kikundi kilikuwa kimeamua kwamba mume mkorofi akipita mtaani aone kibao cha fundi, aende zake. Lilikuwa wazo zuri, na mawazo mazuri hayakosi wa kuyaharibu.

Uongo ule ulikuwa na sheria yake. Geti likigongwa, aliye karibu na cherehani aikanyage kwa nguvu, mgeni asikie kazi inaendelea, ndipo Shangazi afungue. Cherehani yenyewe haikuwa na uzi wala sindano. Mama Pacha, mwepesi wa hofu kuliko wote, aliikanyaga hadi meza ikatembea, na pacha wake wakamshangilia. Mteja akiingia, Shangazi alimwambia oda zimejaa, ajaribu mwakani. Wateja waliondoka wakiamini kwamba mafundi wenye kazi nyingi kiasi kile lazima ni hodari. Sifa ya duka ikakua bila nguo hata moja.

Majina ya kweli hayakutumika humo ndani, kwa usalama. Kila mtu alipewa jina la kubandikwa, na mama tunayemsimulia hapa aliitwa Fundi. Kosa lake lilikuwa kifungo kimoja tu. Siku aliyofika alikirudishia kwenye shati la pacha mmoja, kikakaa, na nyumba nzima ikampigia makofi. Tangu hapo ndiye aliyekuwa bingwa wa ushonaji chini ya paa lile.

Alikuja na binti yake mdogo, ambaye makazi yake yalikuwa chini ya meza ya kukatia nguo. Geti likigongwa, mtoto alizama mle na hakutoka hadi mgeni aondoke. Chakula chake kilipelekwa humo. Kwanza walikuwa wamekimbilia kwa dada yake Fundi, baba mtu akawafuata. Wakakimbilia kwa rafiki, akawafuata na huko. Fundi hakuwa na ombi jingine kwa Mungu ila hili: wasihame tena, mtoto apate pa kutulia, azoee kusimama wima.

Basi ndipo akaja Bi Redio.

Bi Redio alikuwa mjane wa nyumba ya mkabala, na jina hilo alipewa na mtaa kwa haki kabisa. Habari ikimfikia asubuhi, mchana wanaijua hadi wauza mkaa wa sokoni. Aliingia na kitambaa cha zambarau chenye maua makubwa, akakitua mezani, meza ile ile yenye mtoto chini yake.

"Kitinda mimba wangu anaolewa," alisema. "Nataka gauni."

"Hongera sana dada yangu," Shangazi alisema. "Ila oda zime—"

"Zimejaa. Nasikia wimbo huo tangu mlipohamia. Zimejaa za nani? Mtaa huu sijaona mtu hata mmoja aliyevaa nguo yenu. Au niende nikawaulize majirani mmoja mmoja?"

Shangazi alipiga hesabu. Bi Redio akianza kuuliza, hadi jioni mtaa mzima utakuwa unauliza, na nyumba yenye siri haiwezi kuvumilia maswali. Maji akishayavulia nguo, hakuwa na budi kuyaoga. Akamshika Fundi begani, akamsukuma mbele.

"Fundi wetu mkuu huyu hapa."

Fundi mkuu hakuwa na futi ya kupimia. Alichukua kamba ya kuanikia nguo, akamzungusha nayo Bi Redio kifuani, akafunga fundo. Akamzungusha kiunoni, akafunga fundo jingine. Aliposhuka nyongani, hakukumbuka tena fundo lipi lilikuwa la wapi.

"Siku hizi mnapima kwa kamba?" aliuliza Bi Redio.

"Ni mtindo mpya, mama," alisema Fundi. Akaificha kamba mgongoni.

Bi Redio alipoinama kuokota pochi yake, macho yake yalitua chini ya meza, kwenye nyayo mbili ndogo. Yule mama alinyanyuka taratibu.

"Paka wenu amenenepa," alisema.

Kisha chini ya meza ikasikika sauti nyembamba: "Nyau."

"Na adabu anayo," alisema Bi Redio, akaenda zake.

Kazi ikaanza, na heri isingeanza. Sindano na uzi vikaletwa. Mama Pacha alishika mkasi, na kwa kuwa alifumba macho kila alipokata, mikono yote miwili ya gauni ilitoka ya upande mmoja. Shangazi alisimamia, maana yake aligombana na kila mtu. Fundi alishona kwa bidii zote, akamaliza mshono mrefu ulionyooka kuliko yote, akasimama ili auonyeshe. Gauni likasimama naye. Alikuwa amelishona pamoja na sketi yake mwenyewe, na kila alivyogeuka kujinasua, maua ya zambarau yalimfuata nyuma.

Chini ya meza kukatokea kicheko. Kilianza kidogo, kikapanda, kikawa kicheko kizima cha mtoto aliyeshindwa kujizuia. Wanawake wote wakaigeukia meza. Fundi hakuwa amekisikia kicheko kile tangu zamani, hata alikuwa amesahau kwamba binti yake akicheka hukoroma. Alikaa chini na gauni lake la kuburuta, akacheka huku machozi yakimtoka. Siku hiyo mtoto alikula mezani na wenzake.

Bi Redio alikuja kulichukua gauni, akalivaa, akasimama mbele ya kioo. Mkono wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Wa kushoto ulivipita vidole na kuendelea na safari. Shingo ilikuwa begani. Alijitazama mbele, akajitazama nyuma, na kwa mara ya kwanza mtaa ungeweza kushuhudia Bi Redio amekosa la kusema.

"Asanteni," alisema mwishowe, akaondoka nalo mwilini.

"Tumekwisha," alisema Shangazi. "Hadi kesho wataulizana mafundi gani hawa." Akaanza kushusha mabegi yaliyokuwa juu ya kabati na kupigia simu nyumba nyingine, ya mji mwingine. Fundi alikunja nguo za mtoto. Alijilaani kwa kile kifungo. Mtoto aliona mabegi, akarudi chini ya meza.

Kabla mabegi hayajafungwa, geti likagongwa. Ulikuwa ugongaji wa ngumi. Fundi alichungulia kwenye upenyo wa pazia, akarudi nyuma. Alikuwa mumewe, na picha ya Fundi mkononi.

Shangazi alikwisha shika simu kuwaita polisi, huku akimnyooshea kidole: cherehani! Fundi alikaa, akakanyaga. Alikanyaga huku akilia bila sauti, na kutoka chini ya meza ya kukatia, iliyokuwa pembeni yake, mikono miwili midogo ikamshika kifundo cha mguu.

"Fungueni!" alipiga kelele yule mwanamume. "Nimeambiwa kuna wanawake wageni humu!"

"Wewe!" Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. "Unawajua hawa mafundi?"

Bi Redio alikuwa anavuka barabara na gauni lake la zambarau, mkono wa kushoto ukipepea.

"Namtafuta mke wangu—"

"Ni mkeo? Ndiye fundi? Mungu mkubwa, nimempata wa kunirudishia kitambaa changu! Tazama hii shingo! Iko wapi shingo? Nitaendaje kwenye harusi ya mwanangu hivi hivi, mkwe akinipa mkono ashike nguo tupu!"

"Mama, mke wangu si fundi, hajui hata—"

"Na hawa wanajua? Jamani, njooni! Ndugu yao huyu hapa!"

Watu wakajaa. Muuza nyama akaja na kisu chake, akataka kujua suruali yake itakwisha lini. Kinyozi akadai koti. Bibi mmoja asiyeona vizuri alimshika mwanamume yule shati, akasema amesubiri blauzi hadi amezeeka. Fundi aliacha kukanyaga kwa mshangao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuleta hata kitambaa cha leso.

Mwanamume alijitetea, akarudi nyuma hatua, kisha hatua nyingine, kisha akageuka na kutimua mbio, muuza nyama akimdai suruali hadi kwenye kona, ambako polisi walioitwa na Shangazi walikuwa wanashuka kwenye gari.

Geti likagongwa tena, polepole. Aliingia Bi Redio akihema.

"Tangu lini ulijua?" Shangazi alimuuliza.

"Fundi gani ana watoto wanaobadilika kila mara? Mtaa mzima tunajua. Niliwaletea kitambaa mpate cha kuonyesha. Sikujua mtakiua."

"Na wewe, Redio nzima, hukusema kitu?"

"Redio ina kitufe cha kuzima, mama."

Fundi alimsogelea. Akaushika ule mkono mrefu wa gauni. "Nipe nikurekebishie, mama yangu. Nitajifunza."

Bi Redio aliuvuta mkono wake. "Usiliguse hata uzi! Akija mume mwingine nitavaa nini?"

Alipogeuka kutoka, alihisi mkono wa gauni umevutwa. Mtoto alikuwa ametoka chini ya meza, amesimama wima, ameushika kwa mikono yote miwili.

"Nyau," alisema.